Nani Atamsemea Mtoto Huyu?



Mwezi wa Septemba, shule zinapofunguliwa, kila mtoto husimama mbele ya mwalimu asiyemjua. Mwalimu wa mwaka uliopita alikwisha kufahamu kwamba huyu hasikii vizuri, kwamba yule husinzia kwa sababu jana hakula, na kwamba yule mwingine humaliza hesabu kabla wenzake hawajaandika tarehe. Ujuzi huo hubaki kwa mwalimu wa zamani. Yule mpya huanza na orodha ya majina tu.

Mtoto wa kwanza na wa pili twawahurumia, na ndivyo inavyopasa. Yule wa tatu twamwacha. Twasema: mwenye akili atajitafutia njia mwenyewe. Je, ni kweli? Tuiulize historia. Tutatazama watoto watatu waliozaliwa Ulaya kati ya mwaka 1777 na 1802, wote wenye kipaji cha pekee cha hisabati. Walipokuwa watu wazima, wote watatu walifikia wazo moja kubwa ambalo wataalamu walikuwa wamelitafuta kwa zaidi ya miaka 2000. Lakini mlango wa mwalimu mpya haukufunguka kwa wote namna moja, na tofauti hiyo ina mengi ya kutufundisha.

Mtoto wa Brunswick

Carl Friedrich Gauss alizaliwa tarehe 30 Aprili 1777 katika mji wa Brunswick, Ujerumani. Baba yake, Gebhard, aliishi kwa kazi za mikono: bustani, uashi, uchinjaji wa nyama, kazi za mifereji ya maji. Mama yake, Dorothea, alikuwa mtumishi wa nyumbani kabla ya kuolewa. Hakujua kuandika, na kusoma alikuwa akisoma kwa shida. Hakuandika hata tarehe ya kuzaliwa kwa mwanawe. Alikumbuka tu kwamba ilikuwa siku ya Jumatano, siku nane kabla ya Sikukuu ya Kupaa Bwana. Baadaye mwanawe alibuni kanuni ya hesabu ya kutafuta tarehe ya Pasaka ya mwaka wowote, nayo kumbukumbu ya mama ikathibitika.

Mjomba wake, Friedrich, alikuwa mfumaji wa nguo mwenye akili nyepesi, aliyejifunza mwenyewe ufundi mgumu wa kufuma vitambaa vya mapambo. Gauss alisikitika maisha yake yote kwamba ndani ya mjomba huyu kipaji kikubwa kilipotea. Tuliweke jambo hilo moyoni: katika ukoo uleule, mmoja alisemewa na mwingine hakusemewa.

Mwaka 1784 mtoto aliingia shuleni. Mwalimu wake, Büttner, alikuwa na watoto wapata mia moja katika chumba kimoja, naye alitembea kati yao akiwa na mjeledi mkononi. Siku moja, Gauss akiwa na umri wa miaka tisa hivi, mwalimu aliwapa hesabu ndefu ya kujumlisha. Kwa desturi, aliyemaliza alikwenda kuweka kibao chake juu ya meza kubwa, na wa pili akaweka chake juu ya hicho. Mwalimu alikuwa hajamaliza kuieleza vema hesabu hiyo, na tayari kibao cha Gauss kilikuwa mezani. Wenzake waliendelea kuandika kwa muda mrefu. Vibao vilipogeuzwa mwishoni, kile cha Gauss kilikuwa na tarakimu moja tu ya jibu, nalo lilikuwa sahihi.

Habari hii tumeipata kwa rafiki yake, Sartorius von Waltershausen, aliyeiandika mwaka 1856, mwaka mmoja baada ya kifo cha Gauss. Wengi husimulia kwamba hesabu ilikuwa ya kujumlisha namba kuanzia 1 hadi 100. Sartorius hakutaja namba hizo. Ziliongezwa na wasimulizi wa baadaye. Hata hivyo mfano huo unaonyesha vizuri njia yenyewe: 1 na 100 ni 101, 2 na 99 ni 101, na jozi za namna hiyo ni 50, basi jibu ni 5050.

Wasimulizi wengi huishia hapo, wakishangilia akili za mtoto. Sisi twataka kuona yaliyofuata, kwa maana jibu sahihi juu ya kibao halijampeleka mtu popote. Mwalimu angeweza kukasirika. Angeweza kumwambia mtoto akae kimya awangoje wenzake, mwaka baada ya mwaka. Büttner, pamoja na ukali wake wote, alifanya mambo mawili. Kwanza aliagiza kutoka Hamburg kitabu bora zaidi cha hesabu na kumpa mtoto huyo; na alipoona kwamba kitabu hicho nacho kimekwisha, alikiri kwamba yeye hana tena la kumfundisha. Pili alimwita baba yake.

Gebhard hakuwa baba mbaya. Alikuwa baba maskini. Alitazamia kijana ajifunze kazi ya mikono, na kila jioni mtoto alikuwa na kiasi chake cha kusokota nyuzi za kitani ili kusaidia nyumba. Aliposikia habari za masomo ya juu aliuliza swali ambalo wazazi wetu huliuliza hadi leo: fedha zitatoka wapi? Mwalimu alimjibu kwamba msaada wa watu wakubwa utatafutwa. Kwa siku ile alimwomba jambo dogo tu: jioni za mtoto ziwe huru kwa kusoma. Baba akakubali, na kazi ya kusokota nyuzi ikaondolewa.

Kijana aliyechonga kalamu

Sasa, vijana, twawaomba mtulie hapa. Katika chumba kile cha watoto mia moja alikuwapo mtu mwingine, ambaye jina lake halitajwi mara nyingi: Martin Bartels. Alizaliwa mwaka 1769, mwana wa fundi wa vyombo vya bati, katika mtaa uleule wa akina Gauss. Wakati ule alikuwa na miaka 17 hivi. Kazi yake ilikuwa kumsaidia Büttner: kuchonga kalamu za manyoya kwa ajili ya watoto na kuwaongoza wadogo katika kuandika. Hakuwa na cheo, wala hakuna aliyemwajiri kwa ajili ya mtoto mmoja mwenye kipaji.

Bartels mwenyewe alipenda hisabati. Alitafuta vitabu, akaketi na Gauss, wakasoma pamoja kama ndugu wawili, mmoja wa miaka 17 na mwingine wa miaka tisa. Asichokielewa mmoja, walikitafuta wote wawili. Mwaka 1788 Gauss alipokelewa katika shule ya sekondari. Mwaka huohuo Bartels aliingia Collegium Carolinum, chuo cha mji ule, na humo akamsemea rafiki yake mdogo mbele ya profesa Zimmermann. Naye Zimmermann, mwaka 1791, alimfikisha mtoto huyo wa miaka 14 mbele ya mtawala wa Brunswick, Duke Karl Wilhelm Ferdinand. Gauss akapewa msaada wa thaler 10 kwa mwaka. Mwaka uliofuata akaingia Collegium Carolinum, na mwaka 1795 akaenda Chuo Kikuu cha Göttingen, yote kwa gharama za mtawala huyo.

Tazameni mnyororo huo. Mwalimu alizungumza na baba. Msaidizi wa mwalimu alizungumza na profesa. Profesa alizungumza na mtawala. Katika kila mlango mpya alikuwapo mtu wa kusema: huyu tunamjua, hiki ndicho anachoweza, hiki ndicho anachohitaji. Mmoja tu angenyamaza, pengine Gauss angerudi kwenye nyuzi za kitani, kama mjomba wake.

Mwaka 1801 alitoa kitabu chake kikubwa juu ya elimu ya namba. Mwaka huohuo Giuseppe Piazzi, padre wa Palermo aliyekuwa mtaalamu wa nyota, alikuwa amegundua gimba dogo la angani liitwalo Ceres, kisha likapotea kwa macho. Gauss alikokotoa njia yake, na wataalamu wakaliona tena mahali alipoonyesha. Inasimuliwa kwamba mama yake alimwuliza mwanafunzi mwenzake, Farkas Bolyai, kama kweli mwanawe atakuwa mtu wa maana. Farkas akamjibu kwamba atakuwa mwanahisabati wa kwanza katika Ulaya. Mama akatokwa na machozi. Huyo Farkas tutakutana naye tena.

Mtoto wa mjane, Kazan

Bartels hakuwa mwanahisabati mwenye jina kubwa. Baada ya kufundisha Uswisi alikwenda mbali mashariki, katika chuo kikuu kipya cha Kazan, Urusi, alikofika mwaka 1808. Huko alimkuta mwanafunzi aliyeitwa Nikolai Lobachevsky, mzaliwa wa mwaka 1792. Mama yake, Praskovya, alikuwa ameachwa bila mume na wana watatu. Mwaka 1802 aliwaombea wote watatu nafasi katika shule ya sekondari ya Kazan kwa gharama za serikali, akafaulu. Yeye ndiye aliyebisha hodi mlango wa kwanza.

Nikolai alikuwa na akili nyingi na tabia ngumu. Alibishana na wasimamizi, akafanya michezo ya kuwaudhi, na taarifa mbaya juu yake zikajaa katika daftari za chuo. Ilipofika mwaka 1811 alikuwa katika hatari ya kunyimwa shahada. Walimu wa hisabati, Bartels akiwa miongoni mwao, walimtetea. Hawakusema kwamba taarifa zile ni za uongo. Walisema kwamba kijana huyu ana kipaji kisichopaswa kutupwa. Lobachevsky akaahidi kujirekebisha, na shahada akapewa. Kisha Bartels akaendelea kumfundisha nyumbani kwake. Na kimojawapo cha vitabu walivyosoma kilikuwa kile cha Gauss cha mwaka 1801. Mtoto aliyesaidiwa Brunswick sasa alikuwa mwalimu, kwa njia ya kitabu chake, wa mtoto aliyesaidiwa Kazan. Na mikono iliyowashika wote wawili ilikuwa ni ya mtu yuleyule, aliyeanza kwa kuchonga kalamu.

Lobachevsky alikuwa mkuu wa chuo kile tangu mwaka 1827 hadi 1846.

Barua isiyojibiwa

Mtoto wa tatu ni János, mwana wa Farkas Bolyai yule aliyemfanya mama wa Gauss alie kwa furaha. Alizaliwa mwaka 1802 katika Transilvania, nchi iliyokuwa chini ya watawala wa Habsburg. Baba yake alikuwa mwalimu wa mshahara mdogo, naye ndiye aliyemfundisha. Alipofika miaka 13 mtoto alikuwa amekwisha kupita hisabati ya shule na kuingia katika ile ya chuo kikuu. Baba akaona kwamba mwanawe amemaliza kile alichoweza kumpa, kama Büttner alivyoona zamani.

Farkas alifanya jambo la akili. Alimkumbuka rafiki yake wa Göttingen, ambaye sasa alikuwa profesa mashuhuri. Mwaka 1816 alimwandikia akimwomba ampokee János nyumbani kwake, amfundishe kama mwanafunzi wake. Lakini katika barua hiyohiyo alichanganya ombi na maswali ya ndani ya nyumba ya mwenzake: kama ana binti ambaye angeweza kuwa hatari kwa kijana, kama ni mtu wa kuridhika na mwenye afya, kama mke wake ana tabia njema. Gauss hakujibu.

János hakupata mwalimu huyo. Mwaka 1818 alipelekwa katika chuo cha uhandisi wa jeshi huko Vienna, kwa sababu familia haikuwa na uwezo wa kumlipia masomo mengine ya juu nje ya nchi. Akawa afisa wa jeshi. Hisabati aliifanya peke yake, bila mtu wa kuzungumza naye kila siku.

Na hapa njia za hawa watatu zinakutana. Tangu Euclid, wataalamu walijaribu kuthibitisha kwamba, penye mstari mmoja na nukta iliyo nje yake, kuna mstari mmoja tu unaoweza kupita katika nukta ile bila kukutana na ule wa kwanza. Gauss, Lobachevsky na János waliona kwamba jiometri nyingine inawezekana, ambamo mistari ya namna hiyo ni mingi. Gauss alilitafakari miaka mingi bila kulichapisha. Lobachevsky alilichapisha kuanzia mwaka 1829. János alilichapisha mwaka 1832, kama nyongeza katika kitabu cha baba yake. Jiometri mpya zilizofuata kutoka katika mbegu hiyo ndizo alizozitumia Einstein mwaka 1915 kueleza nguvu ya mvutano.

Farkas alimpelekea Gauss kazi ya mwanawe. Safari hii Gauss alijibu: hawezi kuisifu, maana kuisifu ni kujisifu mwenyewe, kwa kuwa mawazo hayo alikuwa nayo tangu zamani. Kwa rafiki mwingine aliandika kwamba kijana huyo ni mwenye kipaji cha daraja la kwanza. Lakini János alisoma barua ile ya kwanza, na moyo wake ukavunjika. Hadi kifo chake mwaka 1860 hakuchapisha tena kitabu kingine. Aliacha maelfu ya kurasa zilizoandikwa kwa mkono.

Tunajifunza nini?

Hatusemi kwamba Farkas alikosa upendo; alimpenda mwanawe sana. Lakini tukilinganisha, twaona njia tatu za kumsemea mtoto.

Kwanza, walioleta habari za Gauss walionyesha kazi aliyoifanya. Waliweka kibao juu ya meza. Mwalimu mpya akiambiwa tu kwamba mtoto huyu ni mwerevu kuliko wote, atafikiri kwamba ni majivuno ya mzazi. Akionyeshwa daftari, atajionea mwenyewe.

Pili, waliomba jambo moja lililo wazi na linalowezekana siku ile: kitabu, jioni huru, nafasi shuleni. Farkas aliomba mengi kwa mara moja, tena akamhoji yule anayemwomba. Mwalimu anayehojiwa hujifunga. Mwalimu anayeombwa ushirikiano hufunguka.

Tatu, walileta mikono yao pamoja na ombi. Bartels hakumwambia Büttner awaache watoto 99 kwa ajili ya mmoja. Alimchukua yule mmoja na kusoma naye. Kumtetea mwenye kipaji hakumaanishi kumpandisha juu ya wenzake; maana yake ni kumpa chakula kinacholingana na njaa yake, kama vile anayechelewa kuelewa apewavyo muda.

Tusimsahau naye mwalimu. Gauss, ambaye milango minne ilifunguliwa kwa ajili yake, alishindwa kuandika hata mistari miwili ya kumwambia rafiki kwamba haiwezekani. Aliyesaidiwa jana ana deni kwa anayebisha hodi leo. Hata pale tusipoweza kukubali ombi, jibu la heshima ni sehemu ya msaada.

Na mabinti je? Mwaka mmoja kabla ya Gauss alizaliwa Paris binti mmoja, Sophie Germain. Wazazi wake walimwondolea moto na mishumaa usiku ili asisome hisabati. Chuo kikubwa cha Paris kilipofunguliwa mwaka 1794 hakikupokea wanawake. Ikambidi apeleke kazi zake kwa profesa Lagrange kwa jina la mwanamume. Alijisemea mwenyewe, akiwa amejificha. Tukimwona binti wa mtaa wetu anayepiga hesabu huku akisubiri ndoo yake kujaa bombani, tusingoje ajifiche.

Kwetu, tangu mwaka 2019 masomo ya msingi katika shule za serikali hutolewa bila malipo, na watoto wengi waliokuwa nje wameingia darasani. Ni jambo la kushukuru. Lakini madarasa yamefurika, na chumba cha Büttner chenye watoto mia moja si hadithi ya mbali kwetu. Mwalimu wa namna hiyo hawezi kumwona kila mtoto kwa macho yake mwenyewe. Anahitaji mtu wa kumwonyesha. Mara nyingi wazazi huona haya kumwendea mwalimu: hawajui Kifaransa cha kutosha, nguo hazifai, wanaogopa kuitiwa deni. Kijana wa parokia anayejua njia ya shule anaweza kumsindikiza mama mpaka ofisini, akiwa na daftari la mtoto mkononi, na kusema kwa adabu: Mwalimu, tumekuja kukusalimu, na tungependa uone hiki.

Bartels alikuwa na umri wenu. Alikuwa na kisu cha kuchongea kalamu, na vitabu vichache.

Maswali ya kuzungumza katika kundi

1. Katika mtaa wetu, ni mtoto gani anayemaliza kazi mapema na kukaa bure? Nani amekwisha kuzungumza na mwalimu wake?

2. Tukienda kumwona mwalimu mpya, tutamwonyesha nini, na tutamwomba jambo gani moja?

3. Ni kitabu gani, au jioni ngapi kwa juma, ambazo sisi wenyewe twaweza kumpa mtoto huyo kabla ya kumwomba mtu mwingine?